Mgonjwa anaendelea vizuri

Kwenye grupu letu la wasap la familia kuna sentensi moja imeandikwa mara nyingi kuliko zote. Siku moja usiku sina usingizi nikaitafuta, nikaandika "anaendelea vizuri" pale juu, zikaja meseji mpaka kidole kikachoka kushusha. Mwezi wa tatu 2021 anaendelea vizuri. Mwezi wa nne, wakati baba hawezi hata kujigeuza kitandani, anaendelea vizuri. Siku aliyosafishwa kidonda cha mgongoni akapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje, anaendelea vizuri alhamdulillah. Yaani ukisoma grupu tu bila kufika nyumbani utadhani mzee alipata mafua.

Simlaumu mtu, ndo tulivyo. Ukiulizwa mgonjwa anaendeleaje, hapo umesalimiwa tu, na salamu ina jibu lake kama shikamoo na marahaba. Ukisema hali mbaya watu wanaanza kuulizana nauli ya msiba. Ukisema nafuu sana, mtu wa tatu anaacha kuchangia. Kwahiyo unabaki palepale katikati, hajambo kidogo, tunamshukuru Mungu, na picha ya mzee ameegemezwa mito ameshika kikombe, ambacho kwakweli mtu mwingine alikuwa anakishikilia kwa chini, mkono haujaingia kwenye picha.

Na kinachoniuma ni kwamba mi kazi yangu ndo hiyohiyo ya kupima. Nipo Dar, Tabata, naingiza na kusafisha data za afya, miaka kumi na kitu sasa. Nimepitisha mikononi mwangu mafaili ya hesabu ya miaka ya uhai inayopotea kwa magonjwa, ile iliyopata jina kubwa baada ya ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993, kwamba unachukua miaka aliyoikosa mtu kwa kufa mapema, unajumlisha na miaka anayoishi na ugonjwa, na kila ugonjwa una uzito wake kuanzia 0 mpaka 1, sifuri mzima kabisa, moja ni sawa na umekufa. Nilikuwa naziingiza hizo namba nakunywa chai. Halafu ikaja zamu ya nyumbani kwetu, nikawa mtu wa kwanza kuandika anaendelea vizuri.

Baba ni fundi cherehani. Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, baraza la nyumba ndo duka, cherehani ya kukanyaga imeelekezwa barabarani ili akishona aone watu. Siku ya tukio ilikuwa Ijumaa, ametoka kuswali, amekaa anakata kanzu ya mtu, mama yuko ndani akasikia mkasi umeanguka. Akangoja asikie unaokotwa, haukuokotwa. Alivyotoka kamkuta mzee amekaa vilevile anautazama mkasi chini, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake.

Miaka 64. Presha alikuwa nayo na vidonge alikuwa navyo, anameza siku kichwa kikimuuma.

Kilikuwa kiharusi. Majirani wakasema upepo. Akaletwa mtu akasoma, akanyweshwa kombe, yale maji ya aya, ambalo lenyewe ni hatari maana aliyepooza koo linaweza kushindwa kumeza kinywaji kikaingia njia ya hewa, lakini nani alijua, na mi niliyekuwa najua nilikuwa Dar simu iko chaji. Hospitali alifika asubuhi ya Jumamosi. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo, inatakiwa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya hapo upigwe siti skani ijulikane mshipa umeziba au umepasuka, maana ukimpa aliyepasuka mshipa umemmaliza. Sisi tulifika masaa kumi na saba baadaye. Hiyo 17 ndo namba ya kwanza niliyoibeba kwenye huu ugonjwa na sijawahi kumwambia mama.

Ikaja 17 nyingine. Wiki ya tatu nilipopata ruhusa ya kazi nikaenda Tanga, mama akafungua kabati la duka akasema mwanangu, vitu vya watu hivi. Vilikuwa vitambaa 17 vya wateja, kila kimoja kimekunjwa na kikaratasi kimebanwa kwa pini, mwandiko wa baba: kifua 42, bega 18, urefu 58, na jina. Vingine vimeshakatwa. Kama hujawahi kurudisha kitambaa kilichokatwa kwa mwenyewe basi hujui. Mi na mdogo wangu wa mwisho tukatia kwenye mfuko wa sandarusi tukazunguka barabara baada ya barabara, tunabisha hodi, shikamoo, sisi watoto wa fundi, tumeleta mzigo wako na advansi yako. Advansi zote jumla 96,000, nilitoa mfukoni. Kuna mama alikuwa na sare tatu za shule pale, alihesabu hela yake kimya kimya akasema poleni, akafunga mlango, na sina kinyongo nae maana shule zinafungua na yeye ndo anaanza upya kutafuta fundi. Kuna mzee mmoja wa kanzu alikataa. Alisema kaa nacho mwanangu, atakuja kukishona mwenyewe. Nikamwambia baba mkono haufanyi kazi. Akasema nimekusikia, kaa nacho.

Tukarudi na mfuko una kitambaa kimoja.

Sasa mdogo wangu anayenifuata mimi, ni mfanyabiashara, mtu wa mahesabu ya kweli sio haya yangu ya kompyuta, akanunua kaunta buku ya kwaya mbili akaiandika juu MATIBABU YA BABA. Kila shilingi iliingia mle. Dawa za presha, dawa ya kolestro, bajaji kwenda na kurudi, pampasi za wakubwa, glavu, mpira wa mkojo, mafuta ya kuchua, kijana wa mazoezi, maziwa. Mwaka wa kwanza ukafunga na 4,870,000. Matumizi ya kawaida ya nyumba ile, mama na baba, kwa mwaka hayafiki milioni nne. Na baba ni mzee wa zaidi ya 60, kuna dirisha la wazee, kumuona daktari bure kabisa na kwa heshima, ila dawa ukifika dirishani unaambiwa hii hamna, hii hamna, kanunueni nje. Bure yetu ilikuwa ya kuandikiwa.

Wataalamu walikuwa na mstari wao kwenye hili. Kwenye yale malengo ya maendeleo endelevu, kipindi kile kaya iliyotoa mfukoni zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yake yote kwa ajili ya matibabu ilikuwa inahesabiwa imezidiwa, na kulikuwa na mstari wa pili wa asilimia 25. Sisi tulipita yote miwili kama basi linapita kituo. Ila ntakwambia kitu kuhusu huo mstari ambacho sikukiona mezani kwangu Dar mpaka nilipokiona kwenye kaunta buku. Mwezi wa kumi 2021 matumizi yalishuka sana. Mdogo wangu akapiga picha ukurasa akatuma kwenye grupu, watu wakaweka makofi, mashallah gharama zimepungua. Na mi niliweka makofi. Kumbe zilipungua kwasababu hela iliisha, kijana wa mazoezi alikuwa hajalipwa wiki tatu akaacha kuja, na baba alikuwa anakatiwa kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi. Karatasi ikaonesha familia inapata nafuu wakati mgonjwa anarudi chini. Mtu aliyekosa hela akalala nyumbani bila dawa, kwenye ule mstari wa asilimia 10 anaonekana salama kabisa, hajatumia kitu. Nauli yenyewe kwa kawaida haimo kwenye ile hesabu. Hela ambayo baba angeipata kwa kushona haimo. Na mtu anayemgeuza kila baada ya masaa mawili usiku ndo kabisa.

Huyo kijana wa mazoezi kwanza nimsifie. Alikuwa anakuja na karatasi yake ya maswali kumi, kipimo cha zamani, Barthel kinaitwa, kilitoka Marekani 1965, na kwa nilivyoona bado kinafanya kazi. Anauliza anakula mwenyewe? Anaoga? Anavaa? Anazuia choo? Mkojo? Anatoka kitandani kukaa kwenye kiti? Kila jibu lina maksi, tano kumi kumi na tano, jumla 100. Baba mwezi wa nne alipata 20. Mwezi wa nane 55. Kijana alisimama kuja, aliporudi Januari akakuta 45, na hapo ndo tulipojua ile nusu kidonge na yale makofi yametugharimu nini, maksi kumi, ambazo ukizitafsiri ni kwamba baba alikuwa ameshaanza kwenda chooni mwenyewe sasa hawezi tena. Namba ilitusema vizuri kuliko daktari angetusema. Tukachangishana upya hapohapo, hakuna aliyeandika mashallah.

Ila na hicho kipimo kina ushamba wake. Kuna swali la ngazi, anapanda ngazi mwenyewe? Nyumba za Ngamiani ngazi gani, kijana akaamua kutumia vidaraja vitatu vya baraza. Swali la choo limetungwa na mtu wa choo cha kukaa, halijui kuchuchumaa, na baba alishindwa kuchuchumaa mwaka mzima mpaka tukamchongea kiti cha mbao chenye tundu. Swali la kusujudu halipo. Baba yangu alikuwa anaweza kupata 75 na bado akajiona hana maana yoyote duniani, maana anaswali amekaa kwenye kiti cha plastiki na msikitini hajafika. Nimekuja kusoma kwamba kuna watafiti walikaa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakatengeneza maswali ya kupima wazee wa kule yanayofuata maisha ya kule. Nilifurahi kama nimekutana na ndugu. Kuna kipimo kingine cha watu wa kiharusi kinaenda 0 mpaka 6, na 6 maana yake marehemu, kijana alimuelezea baba, baba akacheka upande mmoja wa mdomo akasema basi mi nisije nikafaulu sana.

Yeye mwenyewe alikuwa na chake. Asubuhi akishakunywa chai anaomba sindano na uzi. Anachoma sindano kwenye mto wa kiti isimame, halafu anajaribu kutunga uzi kwa mkono wa kulia. Mwanzo kidole gumba hakikutani na cha shahada kabisa. Baadae vinakutana lakini uzi unadondoka. Baadae anaufikisha kwenye tundu unapita pembeni. Analowesha mate, anajaribu tena, mara tano sita, anaacha, hasemi kitu. Hatukuwahi kumuuliza umetunga leo? Ukimkuta anaangalia barabarani na uzi upo sakafuni unajua, unapita. Ile sindano ilikuwa inajua mambo mengi kuliko fomu yoyote.

Sasa nifike kwa huyu mdogo wangu wa mwisho, maana haya yote ya juu nimeyasema ili nifike kwake.

Ameolewa Muheza. Baba alipoanguka alikuja siku ya pili na begi dogo na mtoto mgongoni, kwa wiki mbili. Mama miguu ilishaanza kumsumbua hawezi kumnyanyua mtu, mi na mwenzangu tuna kazi, na sisi ni wanaume kuna mambo ya baba tulijifanya hatuyawezi, nasema tulijifanya. Kwahiyo wiki mbili zikawa miezi miwili. Mwezi wa tano akafunga saluni yake, alikuwa anasuka pale Muheza stendi, amepanga kiti na vioo viwili. Mwenye fremu akasubiri kodi mwezi mmoja, wa pili akaweka mtu. Shemeji alikuja Tanga kumuona mkewe na mwanae, akaja tena, mara ya tatu akatuma hela kwa dereva wa basi. Mara ya nne hakutuma. Hakuna siku mtu aliita kikao kwamba jamani ndoa ya huyu inakuwaje. Kwenye kaunta buku ya kwaya mbili, jina lake lipo sehemu moja tu, "sabuni, kachukua dada, 3,000."

Agosti 2022 sensa ikatukuta. Nilikuwepo nimeenda kumuona mzee. Akaja karani, binti mdogo mpole na kishikwambi chake, shikamoo mzee, shikamoo mama, akakaribishwa kiti. Akaanza kuuliza waliolala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23. Mdogo wangu akahesabiwa Ngamiani na mwanae, maana sensa inakuhesabu pale ulipolala, na mumewe Muheza akahesabiwa kwake peke yake. Hapo nilikuwa nimesimama mlangoni nikaelewa kitu ambacho serikali imekijua kabla yangu. Maswali yakafika kwa baba. Ana shida kutembea? Hana, kidogo, sana, au hawezi kabisa? Baba akasema andika sina shida. Fimbo ipo kati ya miguu yake. Binti akamtazama mdogo wangu aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti na beseni, mdogo wangu akatazama chini. Natembea mpaka msikitini, baba akaongeza. Hajafika msikitini mwaka na nusu. Sijui binti aliandika nini. Baada ya hapo akamgeukia mdogo wangu, na wewe dada unafanya kazi gani?

Akajibu, sina kazi.

Alikuwa ameamka saa tisa usiku kumgeuza, saa kumi na moja kubadilisha mashuka, amefua, amepika uji, amemuogesha, amekaa kumpa mazoezi ya mkono dakika arobaini kwasababu kijana siku hizo anakuja mara moja kwa wiki, na bado ilikuwa haijafika saa nne asubuhi.

Wiki ileile ndo ikatokea ya mashine. Tulikuwa tumenunua kimashine cha presha cha mkononi, kila jioni baba anapimwa inaandikwa. Siku hiyo baba 138 kwa 84, nzuri tu, tukafurahi. Mashine ikabaki mkekani, mdogo wangu akajifunga kwa utani, mwanae alikuwa anamwambia na wewe mama na wewe mama. Ikajaza hewa ikashusha. 158 kwa 102. Tukasema haikukaa vizuri. Akatulia dakika tano akajipima tena, 160 kwa 100. Ana miaka 31. Baba alikuwa anaangalia kile kioo, anajua kusoma zile namba kuliko sisi wote kwasababu zimemla mwenyewe, na akasema kwa ile sauti yake ya siku hizi ya kukokota, "Mama, tangu lini?" Anamwita mama kwasababu ndo jina la mama yake. Mdogo wangu akasema ni uchovu tu baba, akaikunja mashine akairudisha kwenye boksi.

Mwaka mzima na nusu tulikuwa tunampima mtu mmoja.

Nikamuuliza kijana wa mazoezi kama kuna fomu ya muuguzaji. Akasema ipo, akaniletea, maswali 22, imetokana na kazi ya bwana mmoja anaitwa Zarit huko Marekani, kila swali unajibu 0 mpaka 4, jumla 88, ukizidi kupanda ndo mzigo unazidi kukuelemea. Maswali kama unajisikia huna muda wako mwenyewe, kama afya yako imeharibika kwasababu ya kumuuguza, kama unaona aibu, hasira, kama ungetamani kumwachia mtu mwingine. Nikakaa nae uani namsomea kwa kutafsiri, yeye anachambua mchicha. Sifuri. Sifuri. Moja. Sifuri. Akafika mwisho ana 9. Mtu mwenye presha 160 aliyepoteza saluni na mume anamkimbia ana mzigo wa 9 kati ya 88. Ningeipeleka ile karatasi ofisini kwangu wangeniambia huyu muuguzaji hana shida, mwingine.

Ilinichukua mpaka usiku kuelewa ujinga wangu. Kwanza nilimuuliza uani na dirisha la baba lipo palepale, anakohoa tunasikia, sasa na yeye anatusikia. Pili, we mtoto wa kike uliyelelewa Tanga unaanzaje kusema kumuuguza baba yako ni mzigo? Hiyo ni radhi. Ni thawabu. Hata neno lenyewe mzigo ukilitamka juu ya mzazi linakuchoma mdomo. Fomu inauliza unajisikiaje, na sisi kujisikia hatuna utamaduni wa kukusema, tuna utamaduni wa kusema alhamdulillah. Hivo alivyonijibu alikuwa ananisalimia tu, kama grupu la wasap.

Usiku mama amelala tukakaa barazani, giza, tangawizi kwenye vikombe, nikaacha kumuuliza anajisikiaje. Nikamuuliza jana ulilala saa ngapi. Akahesabu kwa vidole, saa tano mpaka saa saba, halafu saa nane mpaka saa tisa na kitu. Nikamuuliza mara ya mwisho umesukwa lini. Akacheka, akashika kitambaa kichwani, msusi mzima, akasema kaka we, tangu mwaka jana Ramadhani. Harusi ya mwisho umeenda ya nani? Akakaa kimya kidogo, akasema ya yule mtoto wa mamdogo, ile ya kabla baba hajaanguka. Mara ya mwisho mumeo kupiga simu akakuuliza wewe, sio mzee? Hapo hakujibu. Mgongo unauma wakati gani? Hapo akasema wote, akaanza kulia taratibu bila sauti kama mtu anayechuja kitu, na akasema maneno ambayo siyaandiki yote hapa, ila moja lilikuwa kwamba kuna usiku anamgeuza baba huku anamuombea kifo halafu asubuhi anamuomba Mungu msamaha na baba anashangaa mbona leo uji una sukari nyingi.

Maswali matano, bila karatasi, nikajua yote. Mpaka leo nikimtembelea mtu anayeuguza simuulizi mgonjwa anaendeleaje, hiyo ntaisikia tu mlangoni. Namuuliza jana umelala saa ngapi. Wengine wanashtuka, mmoja alidhani nina nia mbaya.

Kilichofuata hakikuwa kizuri sana nisiwadanganye. Kuita kikao cha familia kusema mdogo wetu anakufa taratibu ilikuwa vita. Shangazi alisema enzi zao walimuuguza babu miaka sita na hakuna aliyepima presha. Nikamjibu vibaya, nilikosea, ni shangazi. Mwenzangu wa kaunta buku akasema gharama ya kuweka mtu wa kusaidia itatoka wapi, nikamwambia andika mle mshahara wa mdogo wetu kwa miezi 17 kwa bei ya msichana wa kazi tu, 80,000 kwa mwezi, tujue tunamdai au anatudai. Akaandika. 1,360,000. Akaitazama muda mrefu akasema na hapo hatujaweka usiku.

Tukaweka dada wa kusaidia kuanzia Januari 2023. Tukaweka zamu, mi nikawa nakwenda wikendi mbili kwa mwezi na yale mambo ya baba niliyokuwa najifanya siyawezi nikayaweza siku ya kwanza, ni maji na sabuni tu, aibu yote ilikuwa yangu baba hata hakuwa nayo. Mdogo wangu alianzishiwa dawa za presha. Alirudi Muheza mwezi wa pili. Kwa mumewe kulikuwa na mambo, yalisemwa na wazee, yakaisha nusu, ile nusu nyingine ni yao. Saluni hajafungua, anasukia nyumbani.

Baba sa hivi ana 68. Anatembea na fimbo mpaka msikitini kweli, msikiti wa jirani sio ule wa Ijumaa. Kushona hajarudi. Anakaa barazani na futi shingoni vilevile, watoto wa mtaani wanapita anawapima urefu bure, anawatajia wamekua inchi ngapi tangu Maulid. Kitambaa cha yule mzee wa kanzu bado kipo kabatini na pini yake, mzee mwenyewe alitangulia mwaka juzi.

Ile kaunta buku nilimuomba mwenzangu kurasa za nyuma. Nikachora mistari miwili, tarehe na masaa, nikamwambia mdogo wangu kila akija Tanga kumpokea dada wa kazi aandike amelala kiasi gani, basi, sitaki kingine. Aliona ni mambo yangu ya ofisini ila anaandika. Mwanzo ni manne, matatu, matatu na nusu, manne. Wiki iliyopita nimeikuta hii, kwa kalamu ya penseli ya mwanae: "Nimelala mpaka kumekucha, adhana sijaisikia, baba kanisema."